Kujifunza Kuchukua Damu: Mwanafunzi Anahitaji Nini Kutoka Kwetu

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili)



 Katika taarifa zetu tumezoea kuwaeleza habari za visima, mizinga ya nyuki na ada za wanafunzi. Leo tunaomba tuzungumze juu ya kazi inayochukua dakika chache tu: jinsi mwanafunzi wa utabibu anavyojifunza kuchukua damu kwenye mshipa wa mgonjwa.

Wazee wetu walimjua dresa, baadaye wakamjua mganga msaidizi. Siku hizi tunaye tabibu. Hapa Kilosa tuna chuo kinachofundisha matabibu, na stashahada yake ni ya miaka 3. Kijana akihitimu anaweza kupangiwa kituo cha afya ambako hakuna daktari wa kumuuliza. Kwa hiyo yale ambayo hakuyafanya vizuri akiwa mwanafunzi, atayajifunzia kwenye mikono ya watu wetu akiwa peke yake.

Hatua zenyewe zinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Mwanafunzi ananawa mikono na kuvaa glovu. Anamwomba mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, maana mgonjwa aliyechoka akiulizwa "Wewe ndiye Mariamu?" huitikia tu. Anafunga mpira mkononi, vidole vinne hivi juu ya mahali atakapochoma. Anapapasa mshipa, anasafisha ngozi kwa spiriti na kusubiri ikauke, kisha hagusi tena pale. Sindano inaingia kwa mshazari, nyuzi 30 au chini ya hapo. Mpira unafunguliwa kabla sindano haijatolewa. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake. Inatupwa moja kwa moja kwenye boksi maalumu. Mwisho anaandika jina kwenye chupa pale pale, mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yake.

Jambo hilo la mwisho halionekani kuwa kubwa, lakini hebu fikirini Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza katikati ya hifadhi, na ajali tunazijua. Majeruhi wawili wanafika usiku, wote wanahitaji kuongezewa damu. Chupa zao za kipimo zikibadilishana majina, mwenye kundi A anaweza kupewa damu ya kundi B, na hilo linaweza kumuua. Mwanafunzi naye yuko hatarini. Akijichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika 1,000. Dawa za kinga zipo, lakini lazima aanze mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi, ila ugonjwa huo una chanjo.

Ndugu zetu, lipo jambo lingine ambalo mkono wa bandia wa darasani haufundishi. Tulisimuliwa na muuguzi mmoja anayelea wanafunzi, katika kituo ambacho hatutakitaja. Kijana mmoja aliletewa bibi mkulima mwenye kizunguzungu. Kwa woga wake hakumwamkia wala hakumweleza lolote. Akafunga mpira, akachoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Bibi akamtazama akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo damu yangu unaipeleka wapi?" Kijana hakuwa na jibu. Bibi akajifunga kanga yake akaondoka, na jioni ile mtaani ikasemwa kwamba kituo kinachukua damu za wazee.

Tusilicheke swali lile. Habari za mumiani, yaani watu wanaodaiwa kukamata wenzao na kuwatoa damu ili wakafanyie dawa, zilivuma katika mkoa wetu wa Morogoro tangu enzi za ukoloni. Kwa mtu aliyekua akizisikia, anayekuja na sindano bila salamu anafanana na yule wa hadithi.

Kesho yake muuguzi alikwenda na kijana hadi nyumbani kwa bibi. Kijana akasema, "Shikamoo bibi," akaomba radhi. Akaeleza kwamba kipimo kinahitaji damu ya kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini. Akaeleza itakavyopimwa, na kwamba majibu ataletewa yeye mwenyewe. Bibi alirudi kituoni. Safari hii muuguzi ndiye aliyechoma, kijana akiangalia. Bibi akakutwa na upungufu wa damu, akapewa dawa. Aliporudi kupimwa tena alisema, "Leo achome mjukuu." Akapata kwa mara ya kwanza.

Habari hii ilituchoma na sisi. Katika mipango yetu tulilipia ada na vitabu, lakini hatukutenga hata shilingi moja kwa ajili ya mtu wa kusimama nyuma ya mwanafunzi. Bila muuguzi yule, tungekuwa tumelipa ada ya kijana ambaye watu wanamkimbia.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, kamati zenye zahanati zinazopokea wanafunzi ziongeze glovu, spiriti na maboksi ya sindano, kwa kuwa anayejifunza hutumia vifaa vingi kuliko mzoefu. Pili, mwanafunzi tunayemsaidia akamilishe chanjo ya homa ya ini B, dozi 3, kabla hajashika sindano. Tatu, wazee wa kanisa, mkihitaji kupimwa, kubalini mwanafunzi awachukue damu mbele ya mlezi wake, kisha mwende mkawasimulie majirani. Neno lenu mtaani lina nguvu kuliko bango letu. Nne, wafadhili wetu, kila mwaka mnatuuliza wangapi wamehitimu. Tuulizeni pia ni nani aliyewasimamia walipochoma mara ya kwanza, na mtusaidie kumlipa posho yake.

Bibi aliuliza damu yake inapelekwa wapi. Kila kijana tunayemsomesha na awe na jibu la swali hilo kabla hajafungua sindano.