Bendera Juu ya Paa, Picha Ukutani: Ruhusa ni ya Nani?



Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea nchini mwaka 1992, kila ufikapo msimu wa kampeni nyumba za Pemba hubadilika sura. Kutoka Mkoani hadi Micheweni, bendera hupandishwa juu ya milingoti na picha za wagombea hubandikwa kwenye kuta, milango, hata vigogo vya minazi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 18, inalinda uhuru wa mtu kutoa maoni yake, na bendera iliyo juu ya nyumba ya mtu ni maoni yake. Lakini Katiba hiyohiyo inalinda pia mali ya mtu na maskani yake. Nasema maskani kwa maana ya makazi; zile za kukutania jioni kuzungumza siasa ni jambo jingine.

Kwa hiyo tutangulize kujua ukuta ni wa nani. Kijana wa kampeni mwenye ndoo ya uji wa unga hana haki ya kukubandikia picha usiku umelala, hata ikiwa ni ya mgombea umpendaye. Na apige hodi. Ukikataa, hulazimiki kumweleza sababu.

Penye uzito zaidi ni nyumba za urithi. Baba amefariki, nyumba haijagawiwa, ndani anaishi dada na wanawe, na ndugu wengine wako Unguja au Tanga. Dada hupandisha bendera. Kaka akija kwa ajili ya Idi huishusha kwa hasira, na hapo udugu huingia ufa. Nyumba ya warithi wote haifai kusemewa na mmoja wao. Wakubaliane kabla kampeni hazijaanza. Wakishindwa, ukuta ubaki mtupu, na kila mmoja avae fulana na kofia aitakayo.

Kwa mpangaji, jambo hili lingekuwa jepesi lau mikataba yetu isingekuwa ya mdomo tu. Mwenye nyumba asiyetaka bendera aliseme siku ya kukabidhi ufunguo, liandikwe pamoja na kiasi cha kodi na muda wake. Kumtoa mpangaji katikati ya miezi aliyokwisha kuilipia, kwa sababu ya picha dirishani ambayo haikukatazwa popote, kwa maoni yangu ni kumnyang'anya kitu alichokinunua. Mwenye nyumba naye asimbandikie mpangaji picha asiyoitaka kwenye mlango wa chumba chake.

Wenye maduka wanajua uchungu wa jambo hili kuliko sisi sote. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu wa kisiwa hiki walisusiana: duka la huyu halinunuliwi, maziko ya yule hayahudhuriwi. Hatuwezi kumlazimisha mtu kununua asipotaka. Ila muuzaji aliyeweka sukari rafuni aiuze kwa bei ileile kwa kila aingiaye, awe amevaa rangi yoyote.

Nguzo za umeme ziacheni. Ni mali ya Shirika la Umeme na kuzipanda ni kuhatarisha roho. Bendera ya jirani pia isiguswe. Maadili ya uchaguzi yanakataza kuchana au kuharibu vifaa vya kampeni vya wengine.

Ukibandikiwa bila ridhaa, piga picha ya ukuta, kisha uzungumze na viongozi wa tawi la chama husika. Wengi hutuma watu kuja kuondoa. Wasiposikia, nenda kwa sheha, na usiporidhika naye, ofisi ya Wilaya ipo. Wakati wa kampeni unaweza pia kufika ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya yako. Palipo na vitisho au uharibifu, nenda polisi moja kwa moja.

Na wewe unayetoa ruhusa, andika jina la aliyekuja na tawi lake, na mkubaliane mapema nani atabandua picha baada ya uchaguzi na nani atanunua chokaa. Uji uliokauka hubanduka na chokaa yake.