Subira Isiyokunja Mikono



Lugha yetu ina methali mbili zinazogombana ndani ya nyumba moja. Ya kwanza yatuambia kwamba subira huvuta heri. Ya pili yalalamika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wenye kutawala huipenda sana ile ya kwanza, hasa wakiihubiria wengine. Sisi twaona heri tuzipime zote mbili kwa jambo lililotendeka mbele ya macho ya taifa.

Tarehe 28 Februari 1992, kina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu mjini Nairobi kudai vijana hao waachiliwe. Kisha wakaketi katika Bustani ya Uhuru pamoja na Wangari Maathai, wakasusia chakula. Kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimekwisha kufutwa Desemba 1991, na vyama vingi vilikuwa halali. Lakini vijana wale walikuwa wangali korokoroni. Hapana mama aliyejua mwanawe angetoka lini, wala kama angetoka.

Kabla ya siku hiyo, kila mmoja alikuwa na wasiwasi wake nyumbani kwake. Na wasiwasi wa peke yako hula mtu: hukufanya uamini kila uvumi, uwaogope majirani, na mwishowe ushukuru kwamba mambo hayajawa mabaya zaidi. Pale bustanini hofu yao haikwisha, ila ilipata wa kuibeba pamoja nao. Watu walifika, wakasimama, wakaanza kusimulia mateso yaliyowapata wao wenyewe, ambayo hawakuwa wamethubutu kuyatamka hadharani.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hata akazirai. Baadhi ya kina mama walivua nguo zao, tendo ambalo kwa mila ni laana nzito kwa kijana anayemwinulia mzazi mkono. Baadaye walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, jirani na bustani hiyo, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Hebu wazieni: karibu mwaka mzima wa kulala kanisani! Kufikia mapema mwaka wa 1993, karibu wafungwa wote waliowadai walikuwa wameachiliwa.

Mwaka huo huo wa 1992, viongozi wa FORD walishindwa kungojeana, kila mmoja, kwa maoni yetu, akihofu kwamba zamu yake ikipita haitarudi. Chama kikapasuka, na katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba Rais Moi akashinda kwa kura zipatazo asilimia 36 tu. Kina mama wale waliwashinda wakuu hao kwa siasa. Twalisema hilo bila kuomba radhi.

Tangu maandamano ya Juni 2024 tena ziko familia zilizozunguka vituo vya polisi zikiwatafuta vijana wao. Baadhi ya wazazi hao huabudu pamoja nasi. Kabla hatujawaambia wavute subira, twauliza kila kikundi kilichoketi hapa: ni nani kati yenu atakayeandamana nao kituoni Jumatatu asubuhi, na ni nani atakayekwenda Jumanne?