Trekta la Kununua au la Kukodi: Mkulima wa Lunga Lunga Ahesabu Ekari Kwanza

Maongezi yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wakulima, Kaunti Ndogo ya Lunga Lunga

 

Swali la leo ni lile linaloulizwa kila mvua zinapokaribia: mkulima anunue trekta lake dogo, au aendelee kukodi la mwenye trekta? Swali hili lina uzito kwa sababu wapo wanaotaka kuuza ng'ombe, au kupeleka hati ya shamba la familia benki, ili wapate trekta. Ng'ombe akiuzwa anaweza kununuliwa mwingine. Shamba likipigwa mnada, watoto hawana pa kurudi.

Anayetaka kununua asionekane mpumbavu. Ana sababu yake. Masika huanza mwezi wa nne, vuli huanza mwezi wa kumi, na mvua ikishuka kila mtu anataka trekta wiki hiyo hiyo. Mwenye trekta anaanza Kikoneni, anapita Dzombo, na mkulima wa ndani Mwereni anaambiwa "kesho" siku kumi mfululizo. Trekta likifika, wenzake mahindi yamefika magotini. Mwingine hulimiwa juu juu, pembe za shamba zikaachwa, na bado analipa ekari kamili. Mtu aliyepatwa na hayo misimu mitatu ana haki ya kuota trekta lake mwenyewe.

Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Hesabu ifuatayo ni mfano tu. Bei halisi kila mtu ataziuliza mwenyewe kwa muuzaji, kwa benki na kwa mwenye trekta.

Chukua mkulima mwenye ekari 8. Analima masika na vuli, kwa hiyo kwa mwaka analima ekari 16. Tuseme kukodi ni shilingi 3,500 kwa ekari. Kwa mwaka analipa shilingi 56,000.

Sasa tuseme amenunua trekta dogo pamoja na plau kwa shilingi 1,400,000, na baada ya miaka 10 ataliuza kwa 400,000. Maana yake kila mwaka trekta linapoteza thamani ya shilingi 100,000, hata likilala bandani. Ongeza riba ya mkopo, bima na banda, tuseme 90,000 kwa mwaka. Ongeza betri, matairi na matengenezo ya lazima, 30,000. Jumla ni 220,000, na hapo bado halijalima hata hatua moja.

Likianza kulima, kila ekari inakula dizeli ya shilingi 1,000, dereva 500, oili na kuchakaa kwa plau 300. Hiyo ni 1,800. Kwa ekari zake 16 ni shilingi 28,800. Jumlisha na zile 220,000, unapata 248,800 kwa mwaka. Gawanya kwa ekari 16: kila ekari imemgharimu shilingi 15,550, na jirani yake aliyekodi amelipa 3,500.

Mtu atauliza: na hasara ya kuchelewa je? Hiyo nayo iingie daftarini, kwa sababu ni hasara ya kweli. Tuseme kuchelewa kunampunguzia gunia 3 kwa kila ekari, na gunia ni shilingi 3,000. Kwa ekari 8 ni shilingi 72,000 kwa msimu, na kwa misimu miwili ni 144,000. Ni pesa nyingi. Lakini tofauti ya kununua na kukodi katika mfano wetu ni 192,800. Hata akichelewa misimu yote miwili, trekta lake bado linamtia hasara kubwa kuliko kuchelewa kwenyewe.

Basi trekta hili lilime ekari ngapi ndipo lisimtie hasara? Kwa kila ekari, tofauti ya bei ya kukodi na gharama ya kulima ni 3,500 kutoa 1,800, yaani 1,700. Gawanya 220,000 kwa 1,700. Jibu ni karibu ekari 130 kwa mwaka. Ana 16 zake. Zilizobaki 114 lazima zitoke kwa majirani.

Hapa ndipo wengi huteleza. Husema, "Nitalimia watu, litajilipa." Lakini mkulima akikodisha, naye amekuwa mwenye trekta. Siku zake za kulima ni zile zile chache za kila mtu. Trekta dogo likilima ekari 3 kwa siku, na siku nzuri za kulima zikawa 15 kwa msimu, kwa misimu miwili ni siku 30, yaani ekari 90. Bado zimepungua 40. Pengo hilo lazima lizibwe na kazi nyingine wakati wa kiangazi: kuvuta trela la mchanga, kuni au maji, kufyeka nyasi, kupukuchua mahindi. Asiye na trela wala mashine ya kupukuchua, trekta lake litakuwa limeketi chini ya mwembe miezi minane kwa mwaka, na benki haisubiri mvua.

Kuna pia suala la udongo na miti. Trekta dogo lina faida yake: linageuka kwa urahisi kati ya minazi, miembe na mikorosho, na halinywi dizeli nyingi. Lakini shamba lililofyekwa juzi lina visiki, na udongo uliokauka ukawa mgumu unahitaji nguvu. Penye visiki na mawe, plau ya sahani huruka juu ya kisiki, ilhali plau ya jembe hunasa na kuvunjika. Anayetaka kununua atembee kwanza shamba lake na ya wale anaotarajia kuwalimia, ajue ni udongo gani na visiki vingapi, kisha ndipo achague mashine. Na aulize jambo moja kabla ya rangi na bei: spea zinapatikana wapi, na fundi anakaa wapi? Trekta linalongoja spea wiki mbili mwezi wa nne limepoteza msimu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wana kisa cha kujifunza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Ilileta matrekta mengi, mengine mitambo iliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Udongo ulipokauka ukawa kama saruji, vichaka vikashinda mashine, na matrekta mengi yakalala kwa kukosa spea na mafundi. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Waliokuwa na pesa za serikali nzima walishindwa kwa sababu walinunua mashine kabla ya kuujua udongo. Mkulima mwenye hati moja ya shamba hana nafasi ya kukosea namna hiyo.

Kama kununua peke yake ni hasara, na kukodi peke yake ni kungoja "kesho", njia ipi imebaki? Imebaki ile ambayo wazee waliijua kwa jembe la mkono: kulimiana kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenye trekta hachelewi kwa chuki. Anachelewa kwa sababu shamba moja la ekari 2 liko hapa, lingine liko kilomita 15 mbele, na anachoma dizeli njiani bila malipo. Wakulima 10 wenye mashamba yanayopakana, kila mmoja ekari 8, wana ekari 80 mahali pamoja. Huyo sasa ni mteja mkubwa. Trekta likiingia, halitoki mpaka limalize. Kundi hilo linaweza kudai tarehe, na linaweza kudai bei. Hata kampuni ya Hello Tractor, inayounganisha wakulima na wenye matrekta kwa simu katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Kenya, hutumia mawakala wanaokusanya kwanza ekari za wakulima wa eneo moja kabla trekta halijatumwa.

Kwa hiyo kundi lifanye mambo haya.

Kwanza, liorodheshe ekari za kila mwanachama kabla ya mvua, si baada. Ekari ipimwe kwa kamba. Ekari moja ni karibu mita 64 kwa mita 63. Ekari ya kupimwa kwa macho ndiyo inayoleta ugomvi.

Pili, likaandikishe zamu mapema. Serikali ya Kaunti ya Kwale ina matrekta yanayowalimia wakulima kwa ada nafuu. Utaratibu na ada ya msimu huulizwa katika ofisi ya kilimo ya wadi. Matrekta hayo hayawezi kufika kila shamba siku moja, ndiyo maana kundi lililokwisha kujipanga hurahisishiwa kazi kuliko mtu mmoja mmoja.

Tatu, mapatano na mwenye trekta yaandikwe: bei kwa ekari, nani anaweka dizeli, kina cha kulima, tarehe ya kuanza, na itakuwaje trekta likiharibika. Kina kipimwe kwa kijiti, sentimita 15 hadi 20, mkulima akiwapo shambani. Malipo ya mwanzo yawe madogo, na yanayobaki yalipwe kazi ikikaguliwa.

Nne, utaratibu wa zamu uanze upande mmoja wa mashamba uishie upande wa pili. Usifuate cheo. Kundi ambalo mwenyekiti hulimiwa kwanza kila msimu halifiki msimu wa tatu.

Kundi likifanya hivyo misimu kadhaa, likawa na daftari linaloonyesha ekari 130 na zaidi kwa mwaka, pamoja na kazi za kiangazi, hapo kununua trekta kunaingia akilini. Lijisajili kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, au liunde chama cha ushirika. Liajiri dereva mwenye leseni ya daraja linalofaa kutoka NTSA, si kijana wa mwenyekiti anayejifunzia shambani. Na katika kila ekari litenge fedha za spea, zisiguswe kwa karamu wala kwa mkopo wa mwanachama.

Na yule ambaye bado moyo wake unamtuma kununua peke yake, asikilize moja la mwisho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Shamba la kilimo nalo, mara nyingi, linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Hizo si pingamizi za kumsumbua mtu. Ni nafasi ya mke, mume na watoto kuiona hesabu kabla kalamu haijashika karatasi. Asiyeweza kuieleza hesabu hiyo mezani kwake mwenyewe, asiipeleke benki.

Kabla ya mvua zijazo, kila mmoja akae na majirani wanne au watano, wapime mashamba yao kwa kamba, waandike ekari, na mmoja wao apeleke orodha hiyo ofisi ya kilimo ya wadi. Kazi hiyo haihitaji mkopo. Inahitaji kamba, kalamu na mchana mmoja.