Tangazo la Baridi Lisomwe Jua Likiwa Juu

Msikilizaji, katika redio zetu nyingi utabiri wa hali ya hewa husomwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwa dereva wa lori aliyelala Tunduma akisubiri kuvuka mpaka, saa hiyo inafaa. Kwa mama mwenye kitalu cha kabichi kule Umalila au Makete, saa hiyo ameshafunga mlango. Akisikia usiku huu kutakuwa na baridi kali, hana la kufanya. Nyasi za kufunikia miche hazikatwi gizani.

Najua yupo mtu hapa Ivuna anayejiuliza jalidi, baridi inayogandisha majani usiku, inatuhusu nini. Sisi ni watu wa Bonde la Rukwa, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kwetu ni shuka ya alfajiri, na ikifika saa nne mtu anatafuta kivuli. Mpunga tunaujua, chumvi tunaijua. Lakini viazi mviringo, kabichi na karoti tunazonunua sokoni zinatoka juu milimani, na shamba likiungua huko, sisi tunalipia huku. Wazee wa Mbozi waliokuwa na mibuni miaka ya sabini watanielewa haraka. Julai 1975 jalidi ilishuka katika jimbo la Paraná, Brazili, ikaunguza karibu mibuni yote ya jimbo lile. Bei ya kahawa duniani ikapanda mfululizo hadi 1977. Kama baridi ya Brazili iliweza kugusa bei ya kahawa ya Mbozi, ya Makete itashindwaje kugusa bei ya kiazi cha Ivuna?

Sasa tuitazame baridi yenyewe, maana wengi tunaihukumu kwa upepo. Upepo mkali wa Julai unachoma masikio, lakini mara nyingi si huo unaoua miche. Usiku wa kuogopwa ni ule uliotulia, mbingu nyeupe, nyota zimejaa, jani halitikisiki. Mchana kutwa ardhi hupokea joto la jua. Usiku huliachia lipande juu. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Mbingu ikiwa wazi, linapotea. Ndiyo maana hata Kericho, nchini Kenya, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mashamba ya chai yaliungua kwa jalidi mwezi Januari 2012. Januari kwao ni majira ya kiangazi na anga kavu, na usiku wa anga kavu ardhi ya milimani hupoa upesi mno.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima hulilalamikia bila kupewa jibu. Redio imesema nyuzi joto nne, na asubuhi shamba limekutwa jeupe kwa barafu. Je, redio imedanganya? Hapana. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kimeinuliwa kufikia usawa wa kifua cha mtu. Usiku uliotulia, pale chini kwenye majani ya viazi panaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi tatu, nne, hata tano. Nne ya kisandukuni inaweza kuwa sifuri ya tutani. Hili lapaswa kusemwa kila tangazo linaposomwa, kwa sababu mkulima analima chini, halimi kifuani.

Mtazame mche wa kiazi uliopigwa. Alfajiri jani ni gumu, limekoza kijani, linang'aa, ukilikunja linavunjika. Mtu asiyejua atasema limepona. Jua likipanda, barafu iliyokuwa katikati ya chembe za jani inayeyuka, na chembe zenyewe zimeshanyonywa maji na kuharibika. Kufikia saa tano jani limelegea, limekuwa jeusi, linatoa harufu ya majani mabichi yaliyopondwa. Hapo wengi huingia shambani na panga kwa uchungu. Nawasihi wasubiri. Kiazi kikiwa bado kizima ardhini, mara nyingi huchipua tena, na shina lililoonekana limekufa laweza kutoa chipukizi chini.

Linaloniumiza zaidi ni bustani za mabondeni, zile ambazo ndugu zetu wa Njombe na Iringa huziita vinyungu. Mtu analima kinyungu kiangazi kwa sababu maji yako bondeni, na hana pengine pa kupata mboga miezi hiyo. Lakini hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kama maji kufuata mteremko na kutuama mahali pa chini. Bonde lile lile linalompa maji ndilo linalokusanya jalidi. Siwezi kumwambia ahame. Naweza kumwambia akague ua wake. Ukiwa na ua mzito wa matete upande wa chini wa bustani, umeizibia baridi njia ya kutokea; fungua upenyo. Ua wa upande wa juu uache, maana unaikinga bustani na ile inayoshuka. Na kitalu cha miche, ambacho hakihitaji nafasi kubwa, kiwekwe kwenye mteremko, hatua chache juu ya sakafu ya bonde. Hatua hizo chache zina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Mwagilia mapema, mchana, si magharibi. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu, na maji yanahitaji jua la kuyapasha. Matandazo, ambayo mabwana shamba wametufundisha kwa haki kabisa kwamba hutunza unyevu, usiku wa jalidi huzuia joto la ardhi lisiyafikie majani; yasogeze pembeni kwa siku hizo. Kisha jenga kichanja cha fito kimo cha goti, utandaze nyasi juu kabla jua halijazama, na nyasi zisiguse majani. Ukitumia nailoni, hiyo ndiyo isiguse kabisa, kwani jani linaloshikana nayo huganda. Asubuhi jua likishapasha, funua. Miche ya parachichi iliyopandwa karibuni ijengewe kibanda chake kila mmoja. Mti huo ukiwa mdogo haustahimili, na mche wa kununua ni fedha iliyokwishatoka mfukoni.

Kuhusu moshi, najua nitabishana na wengi. Watu huwasha majani mabichi ili moshi utande juu ya shamba. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea jinsi wingu linavyozuia. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, na hata hilo hutokana na mioto midogo mingi iliyosambazwa, si moto mmoja mkubwa. Kuni hizo na kukesha huko, pamoja na hatari ya kuunguza nyasi kavu za Julai, mimi naona ni gharama kubwa kwa faida ndogo.

Ombi langu ni kwa redio zote zinazosikika nyanda za juu, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, na mwisho huo usisahaulike, kwa kuwa wengi huotesha miche Agosti wakiamini baridi imekwisha. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe saa tisa alasiri, urudiwe saa kumi na moja. Utaje kama anga litakuwa wazi na upepo umetulia, na useme wazi kwamba chini kwenye matuta patapoa zaidi ya namba iliyotajwa. Atakayesikia saa tisa ana muda wa kukata nyasi mizigo miwili na kufunika kitalu chake kabla ya magharibi.