Somo la Kwanza ni Kuanguka

Ndugu wajumbe, wazazi wa Katesh na Dongobesh wananiuliza: je, ninjutsu haitawafundisha vijana wetu ugomvi? Swali hili ni la haki. Sensei Bomani kutoka Marekani alipoanza kufundisha karate shuleni Zanaki, Dar es Salaam, mwaka 1973, mahali pale paliitwa Hekalu la Kujilinda. Kujilinda, si kushambulia. Na katika ninjutsu, neno “nin” kwa Kijapani ni kuvumilia. Kwangu kijana hujifunza kwanza kuanguka bila kuumia, kisha kukwepa. Kupiga huja mwisho. Anayepigana mtaani namrudisha mwanzo. Naomba ukumbi na magodoro ya kuangukia. Na mjumbe mmoja aje kila juma, ajionee mwenyewe.