Kuiongezea Nguvu Injini Ndogo ya Motakaa

Leo nataka kunena nanyi habari za injini ndogo ya motakaa, ile iendayo kwa petroli, na jinsi mafundi wawezavyo kuiongezea nguvu. Nimechagua habari hii kwa kuwa vijana wengi huitamani kazi hiyo, na wengine hutoa fedha nyingi kabla ya kujua nguvu yenyewe yatoka wapi. Afanyaye hivyo aweza kupoteza fedha zake. Na mara nyingine hupotea zaidi ya fedha, maana motakaa huchukua watu.

Na tuanze na asili ya jambo. Ndani ya injini mna silinda, yaani mitungi ya chuma, na katika kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ikishuka mara ya kwanza, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ikipanda, huishindilia hewa hiyo mahali padogo. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na joto lake huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni ikipanda tena, hutoa moshi nje. Kuvuta, kushindilia, kuwaka na kutoa: kazi hizo nne ndizo maisha yote ya injini.

Sasa angalieni sana neno hili. Petroli haiwezi kuwaka pasipo hewa. Kwa uzani, kila ratili moja ya petroli yahitaji karibu ratili 15 za hewa. Kumimina petroli zaidi ni jambo jepesi. Kuingiza hewa zaidi ndiyo kazi. Kwa hiyo fundi atakaye nguvu ana njia nne. Aweza kuongeza ukubwa wa silinda. Aweza kuzifanya zijae vema zaidi kila zivutapo. Aweza kuizungusha injini upesi zaidi, ili ivute mara nyingi zaidi kwa dakika. Tena aweza kuishindilia hewa zaidi kabla ya kuwasha, ili joto lile lile litoe kazi kubwa zaidi.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli. Mwaka 1959 kampuni ya British Motor Corporation ya Uingereza ilianza kuuza motakaa ndogo sana iitwayo Mini, iliyobuniwa na Alec Issigonis. Injini yake ilikuwa na silinda nne, na ukubwa wa silinda zote pamoja ulikuwa sentimeta za ujazo 848, yaani pungufu ya lita moja. Nguvu yake ilikuwa nguvu ya farasi 34, injini ikizunguka mara 5,500 kwa dakika. Issigonis aliikusudia iwe gari la watu wa kawaida. Lakini John Cooper, mtengenezaji wa motakaa za mashindano, aliona ya kuwa gari hilo lashika njia vizuri mno penye kona, akaomba liongezwe nguvu. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper, yenye nguvu ya farasi 55.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Injini ya Mini Cooper ilikuwa na sentimeta za ujazo 997. Kama ukubwa peke yake ndio uletao nguvu, zidisha 34 kwa 997, kisha gawanya kwa 848, utapata 40. Lakini walipata 55. Je, zile 15 zilizosalia zilitoka wapi?

Zilitoka katika pumzi, katika mwendo na katika kushindilia. Injini ya namna hii hujaza silinda zake zote mara moja kila izungukapo mara mbili. Basi ile ndogo, ikizunguka mara 5,500 kwa dakika na silinda zikijaa kabisa, ingevuta lita 2,332 za hewa kwa dakika moja, yaani zaidi ya mapipa 11 ya lita 200. Hewa hiyo yote yapita katika koo la kabureta na katika vali ndogo. Koo likiwa jembamba, silinda hainywi ikashiba. Kwa hiyo Mini Cooper ilipewa kabureta mbili badala ya moja, vali pana zaidi za kuingizia hewa, na bomba jepesi zaidi la kutolea moshi, kwa maana moshi usiotoka huzuia hewa mpya kuingia. Kemshafti, yaani mtaimbo unaofungua vali, ilibadilishwa pia, nayo injini ikaweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika.

Kushindilia nako kulizidishwa. Katika Mini ya kwanza mchanganyiko ulishindiliwa hata ukawa sehemu moja ya 8.3, katika Mini Cooper ukawa sehemu moja ya 9. Lakini hapa pana hatari. Ukishindilia sana huku petroli ni dhaifu, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya zamu yake, nawe husikia mlio kama wa nyundo ndogo ikigonga chuma. Mlio huo usipoangaliwa, pistoni hutoboka. Kwa hiyo asishindilie zaidi ila yule mwenye hakika ya petroli atakayoipata kila siku njiani.

Haya, injini imepata pumzi. Je, mifupa yake itastahimili? Katika ile Mini ya kwanza, pistoni ilikwenda milimeta 68.26 kila iposhuka. Kwa mizunguko 5,500, mwendo wake wa wastani ulikuwa kama meta 12 na nusu kwa sekunde. Katika Mini Cooper mwendo wa pistoni ulirefushwa hata milimeta 81.28, na kwa mizunguko 6,000 pistoni ilikimbia zaidi ya meta 16 kwa sekunde, tena ikisimama na kugeuka juu na chini kila mara. Kila kigeuzwacho kwa nguvu namna hiyo huchoka. Hivyo mwaka 1963, walipotoa Mini Cooper S yenye sentimeta za ujazo 1,071 na nguvu ya farasi 70, wahandisi walirudi kwenye ule mwendo mfupi wa milimeta 68.26, wakaipanua silinda badala ya kuirefusha. Na ule mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni waliufanya kwa chuma kigumu zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 1964 gari la namna hiyo, likiendeshwa na Paddy Hopkirk, lilishinda mashindano ya Monte Carlo mbele ya magari yenye injini kubwa mara nyingi kuliko yake.

Wengi wakisikia habari ya ushindi huo huzikumbuka kabureta mbili, wakazisahau breki. Mini ya 1959 ilikuwa na breki za namna ya ngoma, ambazo vipande vyake hubana kwa ndani. Ilipotoka Mini Cooper, magurudumu ya mbele yalipewa breki za sahani, zibanwazo pande zote mbili na kupozwa na upepo. Ilipotoka Cooper S, sahani hizo ziliongezwa upana, na dereva akapewa chombo cha kumsaidia kukanyaga. Kila mara nguvu ilipoongezwa, breki ziliongezwa pamoja nayo.

Sababu ni hesabu. Mini ya kwanza iliweza kwenda karibu maili 72 kwa saa. Mini Cooper, karibu maili 85. Kasi haikuongezeka hata kwa humusi moja. Lakini kazi ya breki haifuati kasi. Hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi. Fanyeni hesabu hiyo, mtaona ya kuwa breki za gari la pili zapaswa kumeza joto mara 1.4 ya lile la kwanza kila gari lisimamishwapo kutoka kasi yake kuu. Breki zikishindwa kulimeza joto hilo, huchemka na kulegea, na dereva hukanyaga asipate kitu.

Mtu mmoja aweza kusema, "Mimi sitakwenda mbio, nataka nguvu ya kupandia kilima tu." Neno hilo ni la haki, na kilima ni kweli. Lakini kila kilima kina mteremko wake, na gari lililopanda na abiria watano ndilo litakaloshuka nao. Abiria hao hawakuulizwa wakati injini ilipobadilishwa. Hawajui kama vipande vya breki ni vipya au vimekwisha. Wamemwamini mwenye gari, basi.

Kwa hiyo mwenye motakaa ndogo kuukuu, atakaye nguvu zaidi, na afuate utaratibu huu.

Kwanza, aitafute nguvu iliyopotea. Apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Kama silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, pana vali isiyofunga au pistoni iliyolika, na kabureta mpya haitaiponya. Atazame plagi, majira ya cheche, nafasi za vali, na oili. Atazame kama magurudumu hayazuiwi na breki zilizokwama, na kama mipira ina upepo wa kutosha. Mara nyingi mtu akimaliza kazi hii ya bei ndogo, hana haja tena ya ile ya bei kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, atengeneze breki, mipira na usukani.

Tatu, ndipo aifungulie injini pumzi, na vyote viende pamoja: kuingiza, kutoa, na kiasi cha petroli. Hewa ikizidi na petroli isiongezwe kwa kadiri, moto huwa mkali mno, na vali huungua. Tena asidanganyike kuondoa chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi, injini isiyo na chujio huvuta mchanga, na mchanga hula silinda kama tupa ilavyo chuma. Chujio safi ndilo dawa.

Siku hizi injini nyingi hazina kabureta. Kompyuta ndogo huipima hewa na kuirushia petroli kwa kadiri yake. Nyingine zina feni izungushwayo na moshi wenyewe, ishindiliayo hewa ndani ya silinda. Kuna mafundi wanaobadilisha maagizo ya kompyuta hiyo, na nguvu ikaongezeka kwa saa moja, pasipo kufungua hata nati. Kazi imekuwa nyepesi kwa macho, lakini sheria zile ni zile zile. Hewa iliyozidi yataka petroli iliyozidi. Moto uliozidi yataka chuma kistahimilicho. Na kasi iliyozidi yataka breki. Kompyuta haikuongeza unene wa pistoni wala upana wa sahani za breki.

Basi fundi akikuahidi nguvu, mwulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Hewa itaingia kwa njia gani? Sehemu gani ya injini itabeba mzigo huo, na imepimwa? Na breki zitafanywaje? Ajibuye yote matatu waziwazi, mpe kazi. Asiyeweza kujibu la tatu, mshukuru, ukaondoke na gari lako kama lilivyo.