Kicheko cha Steji: Kwa Nini Watu Wazima Hudhihaki Wenye Ulemavu?



Mtoto akimkodolea macho mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, mzazi humkanya. Lakini katika steji za Kencom, Kangemi na Kawangware, anayeiga mwendo wa mwenye magongo huwa ni mtu mzima, na walio karibu hucheka. Mtu mzima hawezi kusingizia utoto. Basi humsukuma nini?

Kwanza ni hofu. Ulemavu humkumbusha mwenye afya kwamba ajali moja ya bodaboda yaweza kumfikisha hapo hapo. Badala ya kuikiri hofu yake, huigeuza mzaha. Wahenga walikwisha kuonya: hujafa hujaumbika.

Pili ni umati. Makanga anayemtupia abiria neno la dhihaka hutafuta kicheko cha wenzake. Umati ukicheka, kesho atarudia. Umati ukinyamaza, mzaha humfia mdomoni.

Tatu ni imani kwamba ulemavu ni laana ya ukoo. Anayeamini hivyo huona kumwaibisha mwenzake si kosa.

Nne ni mazoea ya lugha. Wengi huita "kiwete" au "kiziwi" bila kuuliza jina. Tatizo si silabi ya kwanza, kwa maana kijana na kiongozi pia wanaanza na "ki". Tatizo ni kumfanya mtu awe kasoro yake, na utu wake ukasahaulika.

Katiba ya 2010 haikuliacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5. Anayechekwa kila asubuhi mwishowe huacha kupanda matatu. Akiacha matatu, hukosa kliniki, kazi na soko. Kicheko cha dakika moja humfungia mtu nyumbani mwaka mzima.

Dawa yake haihitaji bajeti. Abiria mmoja aseme, "Huyo ni mwenzetu, mpishe." Makanga amuulize, "Nikusaidie vipi?" kabla ya kumshika. Mzazi atumie jina la jirani yake, na mtoto atalitumia hilo hilo.